Dakika Moja ya Kuhesabu Pumzi

Mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka vijiji vya Londiani, huku juu ambako baridi ya msitu haina haraka ya kuondoka asubuhi, hutarajiwa kuangalia nyumba zipatazo 100. Miaka mingi alibeba madaftari ya kumbukumbu, MOH 513 na 514, mapana kama mikeka. Septemba 2023 serikali ilianza kugawa vifaa kwa wahudumu wapatao 100,000 nchini Kenya, na simu zikaja na programu ya eCHIS, iliyojengwa juu ya zana huria za Community Health Toolkit. Ndani ya zana hizo kuna kitu kidogo ninachokistahi kuliko vyote: kipima dakika.

Mtoto anakohoa. Mama amemvika sweta juu ya sweta. Mhudumu anaomba nguo zipandishwe, kifua kionekane, halafu anangoja, kwa sababu mtoto anayelia pumzi zake hazihesabiki. Akitulia, anagusa skrini na duara linaanza kuisha polepole, sekunde 60. Simu haihesabu chochote. Jicho ndilo linalohesabu, kifua kikipanda na kushuka. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za kasi mno. Akitimiza mwaka, hadi kabla ya miaka 5, kikomo ni 40. Vikomo hivyo mashine inaweza kuvikumbuka, na ndiyo kazi iliyopewa. Kutazama kumeachiwa mtu.

Mgao huo wa kazi haukutokea hivi hivi. Kuna mafundi walioketi wakajiuliza ni nini kinachomponyoka mtu aliyetembea tangu asubuhi, na ni nini asichostahili kunyang'anywa. Wakajua pia kwamba mtandao vijijini huja na kuondoka, wakaifanya programu ihifadhi kila kitu simuni na kukituma mawimbi yakipatikana.

Ufundi huu una historia humu humu Kenya. Kati ya 2007 na 2009, utafiti wa WelTel uliwashirikisha watu 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU katika kliniki za Nairobi na Kajiado. Nusu yao walipokea ujumbe mmoja kwa wiki: Mambo? Walitakiwa kujibu Sawa au Shida ndani ya saa 48. Asiyejibu alipigiwa simu, maana kimya nacho kilihesabiwa kuwa jibu. Hebu tazama kilichoachwa nje: hakuna dawa, hakuna ugonjwa, hakuna jina la kliniki. Shemeji akiishika simu hiyo, ataona salamu tu. Matokeo yalichapishwa katika Lancet mwaka 2010: kati ya waliotumiwa ujumbe, waliozingatia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62; kati ya wenzao, asilimia 50.

Chulaimbo, karibu na Kisumu, watafiti wengine walijaribu kuwakumbusha wagonjwa dawa hizo hizo kwa ujumbe wa simu, wengine kila siku na wengine kila wiki. Ukumbusho wa kila wiki ulisaidia. Wa kila siku haukuleta tofauti ya maana. Aliyelelewa na shangazi mwenye maneno mengi hatashangaa.

Ndiyo maana fomu ndefu za simu hunitia wasiwasi. Kila ofisi huwa na swali lake moja inalotaka liongezwe, na kila swali humwinamisha mhudumu kwenye kioo huku mama akizungumza na utosi wake. Wahudumu hodari wana dawa yao: huiacha simu mfukoni kwanza. Huanza na salamu, chamgei, huuliza habari za ng'ombe na za aliyelazwa, hugeuza maswali ya skrini kuwa Kipsigis cha mazungumzo, kisha ndipo hujaza. Hiyo ni nusu ya ufundi ambayo haimo katika programu yoyote, na wanaoifanya hulipwa posho ndogo.

Basi wewe uliye Nairobi unayetaka kuongeza swali jingine kwenye fomu, panda kwanza hadi Londiani, fuatana na mhudumu nyumba kwa nyumba hadi jioni, kisha uamue kama swali lako lina haki ya kuchukua dakika ya mtu huyu.