Nimezisikia Trio, Jamani!

Nianze na hukumu, maelezo yatafuata: sijawahi kusikia sauti ya binadamu ikitoka kwenye mashine ikiwa hai namna hii. Sijawahi! Spika zenyewe zinaitwa Trio, zinatengenezwa na kampuni ya Avantgarde Acoustic, na mahali pa kuzisikiliza ni nyumbani kwao hasa, Lautertal, katika milima ya Odenwald, jimbo la Hesse, Ujerumani. Kama unapenda muziki na umejaliwa kufika pande hizo, usisite.

Njia haina ugumu. Treni ya kutoka Frankfurt inapitia Darmstadt hadi Bensheim. Kutoka hapo barabara iitwayo Nibelungenstraße inafuata bonde mpaka Reichenbach, humo humo Lautertal. Watalii wanapajua Reichenbach kwa sababu ya Felsenmeer, mteremko mzima uliofurika majabali, ambako Warumi walichonga nguzo za mawe enzi zao. Wasafiri wenzetu waliovaa mabuti walikuwa wakielekea huko. Mimi na shemeji yangu, mkazi wa Darmstadt niliyemshawishi kwa ahadi ya chakula cha mchana, tulikuwa na miadi na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1991 na Holger Fromme na Matthias Ruff, ambayo tangu wakati huo imeng'ang'ania jambo moja: spika za honi.

Ukimtajia mtu wa kwetu spika za honi, anaona gari la matangazo likipita mtaani kunadi dansi la Jumamosi, au yale mabomba ya kijivu yaliyofungwa juu ya mnara. Sauti inafika mbali, sawa, lakini inakwaruza, na tarabu ikipitishwa humo inageuka ugomvi. Shemeji naye mawazo yake yalikuwa huko huko. Tulipofika mlangoni akaninong'oneza, "Shemeji, yaani umenitoa kitandani mwisho wa wiki nije kusikiliza spika za kampeni?"

Kisha tukaziona.

Lo! Kila spika ina honi tatu za mviringo zilizoshikwa kwenye fremu moja. Kubwa kuliko zote ina kipenyo cha milimita 950, yaani karibu mita nzima. Ya kati ina milimita 570. Ndogo, ile ya sauti za juu, ina 180. Nilisogea karibu kabisa na ile kubwa nikapitisha kidole kuanzia ndani kuja nje. Hakuna kona, hakuna mshono unaokwaza kidole. Uso unapanuka taratibu, kisha kwa kasi zaidi, mpaka ukingoni unapojikunja kuelekea pembeni. Nilitegemea mbao au bati. Ni plastiki ngumu ya ABS, nene, iliyomiminwa kwenye kalibu. Nikaigonga kwa kifundo cha kidole: mlio mfupi, mkavu, ukaisha papo hapo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana honi inayolia yenyewe inaongeza sauti ambayo mwimbaji hakuitoa.

Shemeji alizizunguka akiwa ameweka mikono nyuma kama mnunuzi mnadani. Akaitazama ile kubwa, akatikisa kichwa. "Hii ukiilaza chali, unaanikia dagaa."

Sasa ngoja nikueleze kwa nini mtu mwenye akili timamu atengeneze kitu kikubwa namna hii. Spika ya kawaida ya sebuleni ina kiwambo kinachosukuma hewa moja kwa moja. Hewa ni nyepesi mno kwa kiwambo, inakwepa. Matokeo yake, chini ya asilimia moja ya umeme unaoingia ndiyo inayogeuka sauti, na karibu wote uliobaki unaishia kuwa joto. Honi inaleta suluhisho kwa umbo lake tu. Kiwambo kidogo kinasukuma hewa ndani ya koo jembamba, ambako hewa imebanwa na haina pa kukimbilia. Kutoka hapo njia inapanuka kidogo kidogo, na ule mgandamizo unakabidhiwa hewa ya chumbani bila kupotea njiani. Watu wa pwani yetu walilijua hilo karne nyingi zilizopita. Siwa ya Pate, baragumu la pembe za ndovu, na siwa ya Lamu ya shaba, zote mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, zilikuwa zikiujulisha mji mzima kuna shughuli kwa pumzi za mtu mmoja.

Kwa tarakimu mambo yanatisha zaidi. Ipe Trio wati moja tu, simama umbali wa mita moja, na kwa vipimo vya kampuni utapata desibeli 109. Spika nyingi za majumbani zikipewa wati hiyo hiyo hutoa kama 88. Tofauti ni desibeli 21, na kila ukiongeza desibeli tatu unahitaji nguvu maradufu. Fanya hesabu: spika ya kawaida itataka zaidi ya wati 120 ili ifike pale Trio inapofika kwa wati moja. Wati moja! Ndiyo maana honi zinapendwa sana na wenye amplifaya za vali, zile zinazotoa wati nane na bado zikaitwa za kifahari. Na ndiyo maana majumba ya sinema ya mwishoni mwa miaka ya 1920 na ya miaka ya 1930 yalijaa honi nyuma ya pazia: amplifaya za wakati ule zilikuwa dhaifu, ukumbi ulikuwa na mamia ya watu, na kila wati ilibidi ifanye kazi.

Lakini faida kubwa si kelele. Kiwambo kisichohitaji kusukumwa sana hakiyumbi sana, na kisipoyumba sana hakipotoshi sana sauti. Waya wake haupati joto sana, kwa hiyo sauti hailegei muziki unapopamba moto. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Besi nayo ina sheria zake. Wimbi la sauti la hezi 100 lina urefu wa kama mita tatu na nusu. Mzunguko wa mdomo wa honi ya milimita 950 unakaribia mita tatu. Chini ya hapo honi haina tena uwezo wa kulishika wimbi. Hezi 50 ina wimbi la karibu mita saba, kwa hiyo besi inapewa honi zake peke yake, makabati makubwa yanayosimama kando ya Trio. Katika kizazi cha sasa, kinachoitwa G3, yanaitwa SpaceHorn. Ukiwa na chumba cha futi kumi kwa kumi, utalala kwenye korido.

Basi tukakaa. Mwenyeji wetu, mpole, mwenye maneno machache, alianza na tarumbeta ya jazi. Nilishtuka kwenye kiti. Tarumbeta halisi ina kitu ambacho spika nyingi hukifuta, ule mwanzo wa noti, midomo inapoachia upepo na shaba inapojibu. Hapa ulikuja mzima mzima, mkali bila kuumiza. Shemeji aliweka simu mfukoni.

Halafu tukaomba vya nyumbani.

Nilitaka Siti binti Saad kwanza, na sababu yangu ilikuwa ya kweli. Mwaka 1928 bibi huyu wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Walionunua santuri zile walizicheza kwa gramafoni za kuzungusha kwa mkono, zisizo na umeme wala amplifaya: sindano, kiwambo na honi, basi. Sauti yake iliingia majumbani kwa njia hii hii. Na mchakacho wa santuri ya zamani? Upo, tena wote, lakini nilishangaa kuona umekaa upande wake. Juu yake sauti ikasimama peke yake, kavu, ya puani kidogo, imara, mtu anayejua anachokisema. Nyuma yake udi ukawa udi, si vumbi la udi. Nimeusikiliza muziki huu miaka mingi nikiuheshimu kama kumbukumbu ya kihistoria. Lautertal niliusikiliza kama mtu aliyealikwa.

Kikafuata kikundi cha Culture Musical Club cha Zanzibar. Mpiga kanuni huvaa pete vidoleni zinazoshika risha ya kupigia nyuzi. Kwenye sabufa na vispika vyangu vya nyumbani, kanuni ni mvua ya noti tamu. Hapa nilisikia mambo mawili kwa kila noti: kwanza mguso wa risha kwenye uzi, tiki, kisha uzi wenyewe unaitika na kutawanyika. Fidla ziliingia, nikaweza kuhisi kwamba si fidla moja nene bali watu kadhaa waliokaa pamoja, kila mmoja na mkono wake. Kontrabasi ikatembea chini yao, na kila hatua yake ilikuwa na mwanzo na mwisho. Hakuna ule uvimbe wa besi unaotikisa vioo na kuficha noti. Nilijikuta nacheka peke yangu, kwa furaha tu!

Bi Kidude akatufanya tunyamaze. Sauti ile yenye mikwaruzo, yenye nguvu, isiyoomba ruhusa. Ngoma zilipopigwa nilisikia kiganja, ngozi, na mti wa ngoma, kimoja baada ya kingine.

Shemeji ni mtu wa Morogoro, kwa hiyo zamu yake ilikuwa Mbaraka Mwinshehe, na hapo ndipo alipotekwa. Gitaa la solo lilisimama mbele, magitaa mengine yakijibizana kando, na upigaji wake ulisomeka mpaka pale kidole kinapoteleza kwenye waya kabla ya noti kubadilika. Shemeji aliinama mbele, viwiko magotini. Wimbo ulipokwisha hakusema lolote kwa muda, kisha akamgeukia mwenyeji kwa Kijerumani chake cha heshima akaomba urudiwe. Ukarudiwa. Akaomba tena kile kipande cha gitaa. "Shemeji," akaniambia polepole, "huyu mzee nilikuwa nimemsikia nusu."

Sasa lile jambo nililosema nitalirudia. Niliomba volyumu ishushwe. Ishushwe zaidi. Zaidi tena, mpaka tukaweza kuzungumza kwa kunong'ona bila kushindana na muziki. Spika nyingi hapo hufa: besi inatoweka, waimbaji wanarudi nyuma ya mlango, unabaki na ukungu. Trio hazikupoteza kitu. Risha bado ilikuwa risha, pumzi bado ilikuwa pumzi, kila kitu kilibaki mahali pake, kidogo tu. Hapa ndipo honi inaposhinda, tena kwa mbali, na hapa ndipo tulipoidhulumu kwa miaka yote tuliyoifunga juu ya gari la matangazo. Nguvu iliyozidi mahitaji haikusudiwi kukupigia kelele. Inafanya kitu kidogo kabisa kisikike bila kuhangaika. Usiku watoto wamelala, unasikiliza tarabu kamili, jirani hajui.

Je, hazina masharti? Zinayo, na ni mazito. Lazima ukae mbali kidogo, maana honi tatu zinahitaji nafasi ili sauti zake ziungane kabla hazijakufikia. Ukikaribia mno utazisikia moja moja. Amplifaya lazima iwe tulivu kabisa, kwa sababu spika inayogeuza wati moja kuwa desibeli 109 itageuza na mvumo wa umeme wako kuwa muziki. Kampuni inauza amplifaya zake yenyewe, iTRON, zinazofungwa pamoja na spika hizi. Faili lililobanwa hovyo kwenye simu litaumbuka mbele za watu. Na bei, wallahi, ni makumi ya maelfu ya euro kwa jozi, kabla hujaongeza honi za besi. Wapo wadogo zake, Duo na Uno, wenye honi mbili kila upande na besi yenye amplifaya yake ndani, lakini hata hao si wa mshahara wa kawaida.

Kwa hiyo simwambii mtu auze kiwanja. Ninachosema ni kwamba kusikiliza ni bure, na sikio likishajua kitu kizuri halidanganyiki tena dukani. Utarudi nyumbani na spika zako zile zile, lakini utajua uulize nini siku ya kununua nyingine: je, zinaimba zikiwa chini, au zinahitaji kupigiwa kelele ndipo ziamke?

Hukumu yangu kwa Trio: kwa sauti ya mtu, kwa nyuzi na kwa ngoma, sijasikia zinazozifikia. Ukienda Lautertal, piga simu uombe miadi kwanza, beba muziki wako mwenyewe, ule unaoujua kwa moyo, usikubali kusikilizishwa jazi ya maonyesho peke yake. Na kabla hujaaga, waombe washushe volyumu.