Kabati la Vikombe vya Wageni

Kwetu Nyasura kulikuwa na kabati lililofunguliwa akija mgeni tu. Sisi watoto tulinywea chai kwenye plastiki na kuvitazama vikombe vya udongo kupitia kioo. Kabati lenyewe sikulitazama mpaka ukubwani. Fundi alilipaka kijani, kisha akazungushia kingo mstari wa rangi ya dhahabu. Karibu na bawaba mstari umeyumba kidogo. Labda hapo mpita njia alimsalimu, naye akaitikia.

Zamani mafundi wa Uingereza nao walitengeneza stendi za kuwekea vyombo vya fahari, wakazipaka rangi na kuzitandika dhahabu halisi. Mgeni huona dhahabu. Mimi navutiwa na kilicho chini yake: chaki iliyokorogwa na gundi ya ngozi, inapakwa, inakauka, inapigwa msasa, inapakwa tena, halafu udongo mwekundu laini, ili dhahabu isionekane baridi. Ndipo ukaja utando wa dhahabu, mwembamba hata pumzi huupeperusha, ukang'arishwa kwa jiwe la akiki. Gramu moja hufunika karibu nusu mita ya mraba. Waulize wachimbaji wa Buhemba, hapo Butiama, gramu moja ni jasho la kiasi gani!

Pwani hawakuhitaji hata kabati. Lamu walichonga zidaka ukutani kwa chokaa, wakapanga humo sahani za China. Naye Salme binti Said, binti wa sultani, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, anazikumbuka katika kumbukumbu zake rafu za mbao zilizopakwa kijani, zimejaa bilauri na vyombo vya kaure. Kijani! Fundi wetu hakuwahi kusoma habari hizo.

Siku hizi kuna makabati ya mbao za unga, yamebandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Nilinunua moja, masika ya kwanza likavimba kama andazi. Nikarudi kwa seremala wa kando ya barabara. Alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye kiungo cha mninga, amefumba macho. Akatikisa kichwa, akachukua msasa tena. Mimi nilikuwa sijaona kasoro yoyote.

Kabati la kijani bado liko kwa mama. Vikombe vimebaki viwili, na juzi alininyweshea chai kwenye kimojawapo.