Kazi ya Unyayo

Aliyezoea soka la uwanja mkubwa, akitazama futsali, soka la ukumbini, kwa mara ya kwanza, hufuata mashuti. Avumilie kidogo, ashushe macho hadi miguuni. Pasi inapofika, mchezaji huinua ncha ya kiatu, kisigino kikabaki chini, kisha akaubana mpira kwa unyayo mpaka utulie. Mpira wenyewe umetengenezwa uikubali kazi hiyo: ni namba 4, na ukiangushwa kutoka mita 2 haudundi kupita sentimita 65.

Ufundi huu umezaliwa na uhaba wa nafasi. Watu 10 wanagombania sakafu ya mita 40 kwa 20, kwa hiyo mpira ukikuponyoka hatua moja umekwenda. Ukiwa chini ya unyayo, unaweza kuuvuta nyuma, kuutelezesha pembeni, au kuuacha papo hapo mwenzako aupitie. Mtazame mshambuliaji wa mbele kabisa: amelipa mgongo lango, beki amemwelemea, naye ametulia na mpira mguuni huku wenzake wakikimbia kubadilishana nafasi. Anamngoja mmoja abaki peke yake, ndipo anamsogezea mpira.

Beki naye ana darasa lake. Timu ikifikisha faulo ya sita katika kipindi kimoja, wapinzani wanaweza kupiga kutoka mita 10 bila ukuta wa mabeki. Basi beki hujifunza kuziba njia kwa kiwiliwili na kusubiri kosa, badala ya kurusha mguu.

Mwalimu Juan Carlos Ceriani alibuni mchezo huu Montevideo, Uruguay, mwaka 1930, ili vijana wacheze ndani ya ukumbi. Kwetu tunaozungumza Kiswahili umechelewa kufika, lakini wanawake wa Tanzania wamekwisha kuonyesha kwamba unafundishika. Aprili 2025, mjini Rabat, Kombe la Mataifa ya Afrika la futsali ya wanawake lilichezwa kwa mara ya kwanza. Watanzania walifika fainali, wakafungwa na Morocco, na timu hizo mbili zikapata tiketi za Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, lililochezwa Ufilipino mwaka huohuo. Huko Tanzania haikuvuka hatua ya makundi. Mbele ya mataifa yenye mazoea ya miaka mingi, hilo si la kushangaza.

Mchezo huu ungefaa hata Opala, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Opala, kwenye mto Lomami, ni nchi ya msitu na mvua za ikweta, na mvua inageuza uwanja wa udongo kuwa tope. Sakafu moja ya saruji yenye paa ingetosha kuanzia. Na mwalimu atakayeipata, Opala au Kisangani, asianze na mashuti. Awafundishe watoto kwanza kuusimamisha mpira kwa unyayo, mguu wa kulia na wa kushoto, hadi waweze kufanya hivyo bila kuutazama.