Gumba Limenyimwa Kazi

Somo la kwanza la Justin Sandercoe, mwalimu wa gitaa wa mtandaoni, linaharibikia mkono wa kulia, na linaharibika mapema. Mwanafunzi ndiyo kwanza amemaliza kupanga vidole kwenye kodi ya D, mara anakabidhiwa piki ya plastiki na kuambiwa apige mapigo manne ya kushuka kwa kila kipimo. Moja, mbili, tatu, nne, kodi nzima kwa mkupuo mmoja. Kwa anayetaka siku moja kupiga gitaa kama lilivyopigwa Likasi, Nairobi au Morogoro, uamuzi huo ni kosa, tena si dogo.

Mkono wa kushoto hauna lawama. Kidole cha shahada kinabaki uzi wa tatu kutoka A hadi D bila kunyanyuka, na kufika E kinateleza freti moja tu. Huo ni ufundi safi, na zoezi la kubadilisha kodi kwa dakika moja linazaa matunda.

Turudi kwenye lile pigo la kushuka. D inaanzia uzi wa nne. Uzi wa tano unavumilika, lakini wa sita ukiingia, E nzito inakaa chini ya kodi na kuitia tope. Mkono usiofundishwa kuchagua nyuzi unazikusanya zote sita, pigo baada ya pigo. Mwalimu anatahadharisha, ni kweli, ila tahadhari si zoezi. Mwanafunzi anaambiwa asiguse nyuzi nene bila kupewa njia ya kuzifahamu, na baada ya wiki chache mkono umeshazoea kufagia.

Wengi wanaojifunza huku kwetu wanatazama masomo haya kwenye simu, na hapo tatizo linakuwa kubwa zaidi. Uzi wa sita ukiwa wazi una mtetemo wa hezi 82 hivi, wa tano hezi 110. Spika ndogo ya simu haina ubavu wa kutoa sauti nzito kiasi hicho. Kinachosikika zaidi ni mng'aro wa nyuzi nyembamba. Kwa hiyo mwanafunzi hasikii sawasawa besi ya mwalimu inaanzia wapi. Anaona mkono unashuka, naye anashusha wake. Sehemu ya gitaa ambayo simu inaimeza ndiyo iliyostahili kufundishwa peke yake, uzi kwa uzi, na kidole chenye kazi hiyo ni gumba. Ukiliweka gumba uzi wa tano kwa A na uzi wa nne kwa D, kosa linajitangaza lenyewe, kwa sababu uzi mmoja unalia bila kufunikwa na nyingine.

Watetezi wa piki wana hoja moja: mwanafunzi apate wimbo haraka asije akakata tamaa. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Hata Marekani, ambako nyimbo nyingi za masomo haya zimetoka, Mississippi John Hurt alijenga muziki wake wote juu ya gumba linalopokezana nyuzi za besi huku vidole vingine vikiimba juu. Nyimbo zake kadhaa zina kodi tatu tu. Wepesi na gumba havigombani.

Kwetu ushahidi ni mzito zaidi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco mjini Jadotville, Likasi ya leo, na katika rekodi hizo umo wimbo wa "Masanga". Mwenda alitumia vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na shahada. Gumba linatembea chini kwa mwendo wake, shahada inadonoa juu kwa mwendo mwingine, na msikilizaji anaweza kuapa kwamba magitaa ni mawili. Wapigaji wa Kenya waliosikia mtindo huo waliuiga, na muziki wa gitaa kavu wa Afrika Mashariki ulibadilika. Mwaka 1979 John Low, mpiga gitaa kutoka Uingereza, alisafiri hadi Shaba, kama jimbo lenye Likasi lilivyoitwa wakati huo, kujifunza kwa Mwenda ana kwa ana, na safari hiyo ikazaa kitabu cha "Shaba Diary" kilichotoka mwaka 1982. Mtu mwenye gitaa lake na ujuzi wake alivuka bara kufuata vidole viwili.

Benga nayo inasema vivyo hivyo. Solo ya D.O. Misiani na Shirati Jazz imebeba tabia ya nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane, ambayo hudonolewa. Mwanafunzi aliyeanza kwa kufagia nyuzi zote ataisikiliza solo hiyo na asijue aingilie wapi.

Programu za simu zinazoteremsha majina ya kodi kwenye skrini wimbo ukiendelea hazitamwokoa: zinalifundisha jicho kazi ya sikio. Mbaraka Mwinshehe hakuwa na skrini ya kumwambia sasa ni zamu ya G, na solo zake za Morogoro Jazz bado zinawatoa jasho wapigaji wenye kila programu mkononi.

Sandercoe hakuhitaji kubomoa chochote. Kodi zibaki A na D, vidole vya kushoto vibaki palepale, piki iwekwe kando. Juma la kwanza, gumba peke yake: uzi wa tano kwa A, wa nne kwa D, mapigo manne kwa kila kipimo, na visikilizi masikioni ili besi ya mwalimu isikike. Juma la pili shahada iingie kwenye uzi wa pili, kati ya pigo na pigo. Juma la tatu piki irudi, na mkono utaanza kufagia D kutoka uzi wa nne, maana gumba limeshakaa hapo siku nyingi.