Pongezi kwa Fundi wa Miguu ya Nyuma

Mercedes-Benz W124, ile ya miaka ya 1980, haifi kirahisi. Injini bado inadunda, ila nyuma gari linayumba, tairi zinalika upande wa ndani, na kila tuta linajibiwa kwa kishindo.

Kila gurudumu la nyuma limeshikwa na mikono mitano, mfumo ulioanza na Mercedes-Benz 190 ya mwaka 1982. Mikono ina bushi za mpira, na mpira huzeeka hata gari likiegeshwa. Fundi wa kubahatisha, nao ni wengi, husikia mlio akabadilisha shokapu na kudai hela yake. Fundi wa kweli huingia uvunguni na mtaimbo, akasukuma mkono mmoja mmoja kuona upi unacheza. Springi haitoi mpaka ameibana, maana ikifyatuka inaua.

Ninachompongezea zaidi, mwenye gari hakioni. Boliti za mikono hazikazi gari likiwa limeinuliwa. Anaziacha zimeshika tu, analishusha gari juu ya shimo likae kwa uzito wake, ndipo anakaza. Zikikazwa gurudumu likining'inia, mpira utasokoteka gari likishuka, na bushi mpya itachanika mapema. Wateja wenye haraka humnung'unikia. Yeye anachukua spana, anarudi shimoni. Na akimaliza hakuachi uende hivihivi: anakutuma ukapime alaimenti, la sivyo hata ukiweka tairi mpya, nazo zitalika.