Mkama Ndume wa Pujini: Jina Lake na Hukumu Yake

Katika watawala wa kale wa Pemba, hapana atajwaye kuliko Mkama Ndume, ambaye magofu ya boma lake yako Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake. Yasimuliwa kwamba aliwachukuza watu mawe ya ujenzi hali wakisota chini, wasiruhusiwe kusimama. Na kwamba kisima chake alikikata kwa ukuta ili wakeze wawili wasikutane. Waingereza walioandika habari za Zanzibar, kama Pearce mwaka 1920 na Ingrams mwaka 1931, walimtaja vitabuni mwao, na wengi waliofuata wamemkumbuka kwa ukatili tu. Hukumu hii yataka kupimwa upya.

Tuanze na jina. Waandishi hulitia mara Mkama, mara Mkame; na huyu wa pili huenda akampeleka msomaji kwenye ukame, jambo lisilokuwamo katika kisa. Kukama ni kutoa maziwa, na ndume hana maziwa. Wafasiri husema "mkamua wanaume" wakaishia hapo, na hali nguvu ya jina imo katika muhali wake: huyu ni mtu atakaye kwa wenye nguvu kile wasichokuwa nacho. Kinywani mwa mtawala neno hili laweza kuwa majisifu. Kinywani mwa mkamwaji ni shtaka. Masimulizi yametuhifadhia shtaka, nayo majisifu yamepotea.

Pili, kisa cha kusota husomwa kama taarifa ya mjenzi. Mimi nakiona ni kauli ya waliodhalilishwa. Asotaye ni mtoto asiyejua kutembea, au mgonjwa asiyeweza kusimama. Na mtu mzima aliyelazimishwa kusota amevuliwa utu uzima wake. Kama mawe yalikwenda hivyo au hayakwenda, maumivu yaliyosemwa ni ya kweli.

Lakini magofu nayo yana kauli. Uchimbaji wa wataalamu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 umeonyesha boma la karne ya 15 na ya 16, lenye ngome ya udongo, handaki, na njia ya maji ipitayo kwenye mikoko hata baharini. Chini ya ardhi mna chumba ambacho ukutani mwake pana umbo la siwa katika chokaa. Siwa ni alama ya enzi inayokubaliwa na watu. Basi aliyeitwa mkama ndume alitaka pia kukubaliwa, na zaidi ya kuogopwa. Wala hakuwa peke yake kisiwani: Chwaka, upande wa kaskazini, ulikuwa mji wenye misikiti na makaburi ya mawe, na kaburi moja hapo wenyeji hulinasibisha na mwanawe, Harun.

Kwa hiyo amekosea aitupaye hadithi kwa kuwa ni hadithi, na amekosea vilevile aisomaye kama tarehe. Waliojenga Pujini hawakuachiwa jina hata moja. Kumbukumbu yao ni hilo neno kusota na jina walilomwita bwana wao. Yafaa masimulizi haya yaandikwe kwa Kipemba kama yasemwavyo na wazee, neno kwa neno, kabla hayajasawazishwa na kalamu zetu; maana tukibadili neno moja tu, tutakuwa tumemnyamazisha shahidi wa pekee aliyebaki.