Anza na Lango: Namna ya Kusajili kwa Timu Inayopigania Kubaki Ligi Kuu

Msimu wa 2015/16 timu tatu zilishuka kutoka Ligi Kuu Tanzania Bara, na zote tatu zilikuwa za mkoa mmoja, Tanga: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Uwanja wa Mkwakwani ukabaki bila timu hata moja ya daraja hilo. Coastal, mabingwa wa Tanzania mwaka 1988, walikaa nje misimu miwili kabla ya kurudi 2018/19.

Timu hushuka kwa sababu nyingi, na fedha ni mojawapo. Lakini kuna jambo moja ambalo hata klabu isiyo na fedha inaliamua yenyewe, nalo ni nafasi ipi uwanjani ianze kuisajili, ipi ifuate, ipi isubiri. Nimeona kamati nyingi za usajili zikianza na straika kwa sababu straika ndiye anayeuliziwa na mashabiki. Naamini huko ni kuanza mwisho, na mwongozo huu ni kwa yule mwanakamati wa Tanga, au wa mji wowote wenye timu kama zetu, anayetaka kujua aangalie nini akiwa na bajeti ya wachezaji watano tu.

Kwanza tukubaliane kuhusu soko lenyewe. Marekani, katika ligi ya NFL, timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo hupewa nafasi ya kwanza kuchagua vijana wapya, na utaratibu huo una asili ya mwaka 1936. Kwetu hakuna zamu. Simba, Yanga na Azam huchukua wanayemtaka, Singida na wengine wenye fedha hufuata, na aliyenusurika kushuka huokota waliobaki. Kwa hiyo swali la timu dhaifu haliwezi kuwa "nani bora?" Bora ameshaondoka. Swali ni: nafasi gani ina wachezaji wazuri ambao wakubwa hawawaoni, na nafasi gani ikiwa na mtu mzuri huinua kumi wengine?

Jibu langu ni golikipa. Anzia hapo bila kuona haya.

Msimu wa 2023/24 Coastal ilimleta Ley Matampi, kipa aliyekuwa langoni DR Kongo ilipotwaa ubingwa wa CHAN nchini Rwanda mwaka 2016. Hakuwa kijana, wala hakuwa jina la kutikisa magazeti ya Dar es Salaam. Alimaliza msimu akiwa kinara wa mechi bila kuruhusu bao, mbele ya Djigui Diarra wa Yanga, na Coastal ikamaliza nafasi ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Haikuwa timu ya mabao mengi. Ilikuwa timu ambayo bao lake moja lilitosha. Hii ndiyo hesabu ninayoomba kila kamati iibandike ukutani: kwa timu isiyofungwa, bao moja ni pointi tatu; kwa timu inayofungwa mawili, bao hilo hilo ni sifuri.

Sasa, unamjuaje kipa mzuri? Usikae jukwaa kuu. Nenda kasimame nyuma ya goli lake, umwangalie wakati mpira uko mbali, upande wa pili. Kipa wa kawaida anapumzika. Kipa mzuri anasogea na mpira, hatua mbili mbele, hatua moja kushoto, huku akiwapanga mabeki kwa sauti. Mpira ukipigwa, tazama miguu yake kabla ya mikono: je, alikuwa ametulia kwa miguu yote miwili, au alikuwa bado anatembea? Wale wanaoruka sana na kupigiwa makofi mara nyingi wanaruka kwa sababu walisimama pabaya. Picha zao zinapendeza, na klipu zao ndizo mawakala wanazotuma. Mimi namtaka yule ambaye mashuti yanamfuata alipo.

Kisha subiri krosi. Huku pwani upepo haulali. Kaskazi ikipisha kusi inaingia, na ligi inapita katika pepo zote mbili. Mpira wa juu unaotoka pembeni hubadili njia ukiwa hewani. Kipa anayetoka na kusita katikati ya njia atakupotezea mechi nne au tano kwa msimu. Anayebaki kwenye mstari kwa uamuzi thabiti ni afadhali kuliko anayesita, na anayetoka akaudaka kwa mikono miwili huyo mpe mkataba kabla hajapanda basi. Jambo la mwisho ni dakika tano baada ya kufungwa. Mtazame anafanya nini na mabeki wake. Akiwapigia kelele za lawama, mwache.

Baada ya kipa, mabeki wa kati, na hapa nasisitiza kwamba wanasajiliwa kama jozi. Tanga ina ushahidi wake. Mwaka 2020 Bakari Mwamnyeto aliondoka Coastal kwenda Yanga, na katika dirisha hilo hilo Ibrahim Ame akaenda Simba. Walikuwa ukuta mmoja, wakaondoka pamoja. Mshambuliaji Ayoub Lyanga naye alikwenda Azam, kwa hiyo sitasema mabeki peke yao ndio sababu, lakini msimu uliofuata, 2020/21, Coastal iliangukia kwenye mchujo wa kubaki Ligi Kuu na kuponea mbele ya Pamba ya Mwanza. Klabu iliyouza nguzo mbili inapaswa kuwa na nguzo nyingine mbili zinazochezea vijana wa chini ya miaka 20, tayari zimezoeana. Ukiuza beki bila mrithi, fedha ya mauzo inaishia kununua mtu wa kuziba pengo ulilolitengeneza mwenyewe.

Beki wa kati mzuri wa timu dhaifu si lazima awe na kasi. Angalia kichwa chake cha kwanza kinaangukia wapi. Wengi wanashinda mpira wa juu, lakini wanaupeleka miguuni kwa adui nje ya kumi na nane, na bao linatoka hapo. Anayeupeleka pembeni kila mara ana akili. Hesabu pia mara anazolala chini kuukata mpira. Jukwaa hupenda beki wa kuteleza. Mimi nikimwona ameteleza mara nyingi kipindi kimoja najua alichelewa mara hizo zote. Lameck Lawi, ambaye Simba na Coastal walivutana juu yake katikati ya 2024, alipata bei kwa sababu ya utulivu wa kusimama, na hata asiyejua mpira aliweza kuona kwamba jezi yake haikuchafuka sana. Na ukimpata beki wa mguu wa kushoto, hata akiwa na upungufu mwingine, usimwachie. Ni adimu nchi nzima, na anaipa timu njia ya pili ya kutoka na mpira.

Pale mbele yao ndipo ninapopapenda zaidi: namba sita, kiungo mkabaji, mkata umeme. Nafasi hii ndiyo yenye tofauti kubwa kati ya bei na thamani. Leicester walimnunua N'Golo Kanté kutoka Caen mwaka 2015, mchezaji ambaye vigogo wa Uingereza hawakumgombania, na Mei iliyofuata wakawa mabingwa. Nyumbani, waliomtazama Himid Mao akiwa Azam au Jonas Mkude katika miaka yake mizuri Simba wanajua ninachosema: mtu ambaye ukimtazama peke yake hakuvutii, na asipokuwepo kila mwenzake anaonekana mbovu.

Kumpima namba sita, usiutazame mpira. Mtazame yeye tu, dakika kumi mfululizo. Je, anageuza shingo kutazama nyuma kabla hajapokea pasi? Asiyefanya hivyo atanyang'anywa na wakubwa kila mara. Je, anasimama kwenye njia ya pasi, au anamkimbilia mwenye mpira? Anayekimbia kila mahali hufurahisha, lakini anaacha uwanda mtupu mbele ya mabeki. Je, faulo zake anazifanya katikati ya uwanja, mapema, au karibu na kumi na nane akiwa ameshachelewa? Na ukishampenda, mtazame tena ugenini, dakika ya 70, baada ya safari ya basi kwenda Kigoma au Mbeya. Namba sita wa Mkwakwani jioni ya Jumamosi ni mtu mmoja. Wa Uwanja wa Sokoine, Mbeya, kwenye baridi baada ya safari ya siku nzima ni mwingine. Unamsajili huyo wa pili.

Mabeki wa pembeni sitawazungumzia sana. Chukua mawinga wenye mapafu ambao hawana chenga za kutosha, wafundishe kukaba. Kocha yeyote mwenye subira anaweza.

Viungo wachezeshaji na mawinga usiwanunue kabisa. Hapa najua nitabishiwa, kwa sababu pwani tunapenda mpira wa miguu laini, na mtu wa kupiga kanzu na tobo anapata jina kabla ya kupata mkataba. Lakini hiyo ndiyo sababu yenyewe. Viwanja vya mchanga kuanzia Pangani hadi Mkinga, mashindano ya ndondo, UMISSETA, ligi ya mkoa, na Pemba na Unguja ng'ambo ya maji, vimejaa namba kumi. Shirikisho la soka, TFF, limejenga kituo cha ufundi Mnyanjani, hapa hapa Tanga mjini. Kinachoota uani hakinunuliwi sokoni. Mtume mtu mwenye jicho akae kwenye ndondo za Muheza na Korogwe wiki mbili, atarudi na mawinga wawili kwa nauli yao na viatu. Jicho lake litafute kitu kimoja: baada ya kupoteza mpira, kijana anafanya nini? Akishika kiuno, muachie mtaa wake.

Halafu straika. Watu watanikumbusha fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF, Julai 2022 pale Sheikh Amri Abeid, Arusha. Abdul Suleiman Sopu aliifungia Coastal mabao matatu peke yake dhidi ya Yanga. Ilikuwa kazi kubwa ya mshambuliaji wa timu ya mkoani, na naiheshimu. Ila ubao ulisoma 3-3, Yanga ikashinda kwa penalti, na Sopu akaenda Azam. Mabao matatu kwenye fainali hayakutosha kombe, kwa sababu matatu yaliingia upande wa pili.

Straika ni ghali kwa kuwa kazi yake inaonekana hata na asiyejua mpira. Kila klabu inamgombania, na mshahara wake unaweza kula wa mabeki wawili. Usimnunue, mwazime. Kwenye mabenchi ya Simba, Yanga na Azam kuna vijana wenye njaa ya dakika ambao klabu zao ziko tayari kuwatoa kwa mkopo. Mpime kwa mabao aliyofunga ugenini na yaliyofungwa matokeo yakiwa bado 0-0. Bao la nne katika ushindi wa 4-0 halisemi chochote juu yake. Tazama mguso wa kabla ya shuti, kwa sababu huo ndio unaompa nafasi, na tazama kama anaweza kuushika mpira akiwa amempa beki mgongo hadi wenzake wafike.

Na usimalize fedha zote dirisha kubwa. Bakiza nafasi moja. Dirisha dogo likifunguliwa, kaa na benchi la ufundi mzipitie kona na faulo zote mlizofungwa tangu Agosti, moja moja, mkiandika ni nani alikuwa amesimama wapi. Mara nyingi jina la mnayemhitaji litatoka kwenye karatasi hiyo, na litakuwa la beki.